Hesabu ya umeme wa saluni yako

Buguruni, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi huko Lindi. Sisi wazima, joto tu ndilo limetukalia. Jana nilikwenda Mbagala Rangi Tatu kuiona fremu yako kama ulivyoniomba. Pahala pana watu, na mita ya Luku ni yako peke yako, hutagombana na mpangaji mwenzio. Kinachoninyima raha ni lile neno la fundi wako, kwamba soketi moja na ekstensheni ndefu vitakutosha. Havitoshi, shoga. Nakuandikia hesabu yenyewe ili ukikaa naye mzungumze kwa namba.

Nilibeba ile draya ya kusimama uliyoiacha kwangu. Mchana niliichomeka pale nikapima: volti 230 (msukumo wa umeme), mkondo, yaani umeme unaopita kwenye waya, ampia 4.2. Namba hizo mbili zinatosha. Zidisha volti kwa ampia, unapata nguvu: wati 966. Gawanya volti kwa ampia, unapata ukinzani wa koili yake, yaani jinsi ule waya wake wa joto unavyouzuia umeme: omu 55 hivi. Kanuni ya huko kugawanya aliichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827, na mpaka leo ndiyo inayotulisha sisi mafundi.

Sasa sikia. Nilikaa mpaka saa moja usiku, watu wamerudi majumbani, kila mtu amewasha chake. Volti zikashuka hadi 205. Koili ni ileile, omu zake ni zilezile 55, kwa hiyo mkondo nao ukashuka: 205 gawanya kwa 55 ni ampia 3.73. Zidisha tena, unabaki na wati 765 hivi. Umeona? Volti zimepungua kama sehemu moja ya kumi, lakini nguvu imepungua sehemu moja ya tano, kwa sababu volti na ampia zimeshuka pamoja. Mteja wa jioni atakaa chini ya draya muda mrefu kuliko wa asubuhi. Usidhani kwamba hapo umeokoa Luku. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima, na nguvu ikipungua huku muda ukirefuka, yuniti zinakwenda vilevile. Wateja wa harusi, wale wa haraka, wapangie mchana.

Tuje kwenye waya, maana hapa ndipo nyumba zinapoungua. Umeniambia utakuwa na draya mbili za kusimama, tuseme wati 1,000 kila moja, draya ya mkono ya 1,800, na hita ya maji ya 2,000. Jumla wati 5,800. Gawanya kwa 230: ampia 25. Ekstensheni za kawaida zimeandikwa ampia 13, na zile nyembamba hazifiki hata hapo.

Waya nao una ukinzani wake, ingawa ni mdogo. Chukua ekstensheni ndefu nyembamba yenye nusu omu kwenda na kurudi. Joto linalozaliwa ndani ya waya ni ampia mara ampia mara omu. Draya moja peke yake: 4.2 mara 4.2 mara 0.5, chini ya wati 9, hata ukiushika huhisi kitu. Washa vyote: 25 mara 25 mara 0.5, zaidi ya wati 300! Mkondo umeongezeka mara sita, joto la waya mara thelathini na tano. Wati 300 zikikaa ndani ya plastiki, chini ya zulia, nyuma ya pazia, na ndani mna wateja na watoto wao. Nakuomba sana, hilo usilikubali hata kwa siku moja ya kuanzia.

Mwambie fundi avute njia mbili kutoka kwenye boksi la breka, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, kila njia na breka yake (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampia 20. Hita na draya moja njia ya kwanza, hizo ni ampia 13. Draya ya mkono na ile draya ya pili njia nyingine, ampia 12 na kidogo. Waya mzito ni ghali, najua mfuko ulivyo, lakini bora uchelewe kununua kioo kikubwa.

Friji ya soda usiipigie hesabu hii kavukavu. Ina mota, na kwenye mota volti mara ampia hutoa namba kubwa kuliko wati halisi. Soma kibandiko chake. Wala usipime omu za balbu ya nyuzi ikiwa imezimwa: ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo mno, ikiwaka hupanda zaidi ya mara kumi, utapata jibu la uongo. Koili za draya na hita hazibadiliki kiasi hicho, ndiyo maana hesabu yangu inasimama.

Ongea na mwenye nyumba kuhusu kutoboa ukuta wa nyuma, kisha niandikie. Akikubali, Jumamosi nitakwenda Kariakoo kununua waya, nami nitasimama hapo fundi anapofunga. Msalimie mama.

Rafikiyo,
Mwanaidi