Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi: Usiku wa Vimondo

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Kigamboni,
Dar es Salaam.

4 Desemba 2026

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA PILI NA KAZI YA LIKIZO YA DESEMBA

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawashukuru kwa ushirikiano mliotupa mwaka mzima. Ripoti ya maendeleo ya mtoto imeambatanishwa na barua hii, pamoja na karatasi yenye tarehe ya kufungua shule, ada na sare. Hayo yanajieleza yenyewe na sitayarudia. Nafasi iliyobaki naiomba kwa jambo moja, nalo ni kazi ya likizo, ambayo safari hii si kijitabu cha maswali kama mlivyozoea. Tunaomba kila mtoto wa Darasa la Tatu hadi la Sita aamshwe usiku wa Jumapili tarehe 13 kuamkia Jumatatu tarehe 14 Desemba, atoke nje akiwa na mtu mzima, alale chali na kutazama vimondo kwa muda wa saa moja hivi.

Natambua kwamba ombi la kumwamsha mtoto usiku wa manane si la kawaida kutoka katika ofisi ambayo kila wiki inawasihi muwalaze watoto mapema. Natambua pia kwamba baadhi yenu mlishaulizia masomo ya ziada ya Desemba. Hesabu zitatungoja hadi Januari bila kinyongo, ilhali vimondo hivi havimngoji mtu, na kwa mtoto wa umri huu sidhani kama ninacho kipindi kingine cha Sayansi cha kulinganisha nacho.

Ninasema hivyo kwa sababu ya niliyoyaona katika ziara ya Darasa la Sita mjini Bagamoyo mwezi Agosti. Alfajiri ya tarehe 13, mwalimu wa Sayansi aliwaamsha watoto kabla ya saa kumi na kuwalaza kwenye mikeka uwanjani, wengi wao wakiwa wamejigubika khanga walizofungashiwa na mama zao. Usiku ule vimondo vilitoka upande wa kaskazini, chini sana kwa mtu aliye Bagamoyo, hivyo havikuwa vingi, na kwa muda mrefu hakukutokea chochote isipokuwa mbu na manung'uniko. Kisha mstari mweupe ukakatiza juu ya bahari na uwanja mzima ukapiga yowe kwa pamoja, isipokuwa mtoto mmoja aliyekuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, ambaye alikasirika kiasi kwamba hakukubali tena kushusha macho mpaka kulipopambazuka. Msichana aliyelala karibu nami, ambaye darasani ni nadra kunyoosha mkono, aliuliza: "Mwalimu, ile nyota iliyoanguka imeacha pengo wapi?" Swali hilo liliwafanya wote waanze kulitafuta pengo. Mwalimu wao hakuwajibu. Aliwaonyesha Kilimia, lile kundi dogo la nyota, akawaambia wazihesabu nyota zake, na kimondo kingine kilipopita karibu na hapo akawaambia wahesabu tena. Zilikuwa zile zile.

Jibu walilolifikia wenyewe ndilo jibu sahihi, kwamba nyota hazianguki. Kinachoonekana ni chembe ya vumbi, mara nyingi isiyozidi punje ya mchanga, inayoingia katika hewa ya dunia kwa kasi kubwa mno hata hewa iliyo mbele yake ikasongwa na kupata joto kali, chembe ikageuka mvuke na njia yake ikang'aa kwa sekunde moja au mbili. Chembe za Desemba huingia kwa kasi ya kilomita 35 hivi kwa sekunde, mwendo ambao ungemfikisha msafiri wa Dar es Salaam Chalinze kwa sekunde tatu. Hayo yote hutokea juu sana, yapata kilomita 100 kutoka ardhini, na ndiyo maana kimondo tunachokiona sisi kikipita chini upande wa kaskazini huenda kinateketea juu ya Tanga, ambako watu wanakitazama utosini mwao. Nilipowaeleza hili watoto wawili wenye babu zao Tanga, walitaka kuwapigia simu papo hapo.

Vimondo vingi vinavyorudi kila mwaka hutokana na vumbi lililomwagwa na nyota zenye mkia, yaani kometi, katika njia zao za kulizunguka jua. Vya Desemba vina asili ya peke yake. Vilianza kuripotiwa mwaka 1862, lakini chanzo chake hakikujulikana hadi mwaka 1983, setilaiti ilipogundua gimba la mwamba lenye upana wa kilomita tano au sita, lililopewa jina la Phaethon. Gimba hili hulizunguka jua kwa muda wa mwaka mmoja na miezi mitano hivi, na katika mzunguko huo hulikaribia jua kuliko sayari ya Zebaki inavyolikaribia. Njia yake imejaa vumbi, na dunia yetu hukatiza katika vumbi hilo katikati ya Desemba kila mwaka. Kwamba mwamba usio na mkia wa kometi umewezaje kuacha vumbi jingi kiasi hicho ni jambo ambalo wanasayansi bado wanalichunguza, na ningependa watoto waambiwe hivyo wazi, kwa sababu wengi wao wanadhani kila swali la Sayansi limeshajibiwa nyuma ya kitabu.

Mkivifuatisha vimondo hivi kinyumenyume mtaona kwamba vyote vinaonekana kutoka sehemu moja ya anga, penye kundi la nyota la Mapacha. Kwa kweli vinakuja sambamba. Macho yetu ndiyo yanayovikutanisha, kama reli inavyoonekana kukutana mbali mtu akisimama katikati ya mataruma. Kundi hilo huchomoza kaskazini-mashariki baada ya saa mbili na nusu usiku, na hufika juu kabisa mnamo saa nane. Hata hapo, kwa kuwa sisi tuko kusini ya Ikweta, halifiki utosini, bali husimama upande wa kaskazini, zaidi kidogo ya nusu ya safari kutoka upeo wa macho hadi utosini. Kwa hiyo saa nzuri kwetu ni kati ya saa saba na saa kumi usiku. Mwezi utakuwa mchanga na utazama kabla ya saa sita, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Mtoto mdogo asiyeweza kuamka anaweza kutolewa nje kati ya saa tatu na saa nne, wakati Mapacha wako chini bado: vimondo vitakuwa vichache, lakini vile vinavyotokea saa hizo huwa virefu, na huweza kukata sehemu kubwa ya anga kabla ya kuzimika.

Msiwaahidi watoto idadi. Husemwa kwamba usiku wa kilele mtu huweza kuona vimondo 120 au zaidi kwa saa, lakini hesabu hiyo ni ya mahali penye giza totoro na Mapacha wakiwa utosini. Katika mwanga wa jiji letu tutegemee sehemu ndogo tu ya hiyo, na anayeishi karibu na taa za barabarani ataona vile ving'avu peke yake. Ni usiku mmoja katika mwaka ambao umeme ukikatika mtaani nitaomba tusilalamike. Mvua za vuli nazo huenda hazijaisha. Wingu likitanda, usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne utafaa pia.

Hakuna haja ya kununua chochote. Darubini haisaidii, kwa kuwa humfungia mtu katika kipande kidogo cha anga, wakati kimondo kinaweza kutokea popote. Mkeka, shuka na dawa ya mbu vinatosha. La muhimu ni giza: macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea, na mwanga wa simu wa sekunde chache hurudisha kazi yote nyuma. Ninajua ni nani nyumbani atakayepata shida zaidi na sharti hili, na mara nyingi si mtoto. Tafadhali msiwapeleke watoto juu ya paa lisilo na ukuta wala kwenye ufuko usio na watu.

Wapo kati yenu mtakaokuwa mmeshawasafirisha watoto mikoani kwa Krismasi. Huwa tunawaonea huruma watoto wanaokwenda kijijini kusiko na umeme. Usiku huo wao ndio watakaopata anga ambayo sisi wa Dar es Salaam hatunayo, kwa hiyo naomba mumpigie simu bibi au babu mapema na kumweleza kwamba kumwamsha mjukuu ni agizo la shule. Kwa watakaopita barabara ya Tunduma, karibu na Vwawa mkoani Songwe kuna Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 na kuhesabiwa miongoni mwa vimondo vikubwa kuliko vyote vilivyopatikana duniani. Hicho si ndugu wa vumbi la Desemba, ambalo huteketea lote juu. Lakini mtoto akikigusa kwa mkono hatahitaji mwalimu wa kumshawishi kwamba vitu hutoka angani.

Ninafahamu pia kwamba katika nyumba zetu vimondo vina maana nyingine. Waislamu wanayo aya katika Surat Al-Mulk inayozitaja taa za mbingu kuwa pambo na pia silaha dhidi ya mashetani, na wapo wazee waliolelewa wakiambiwa kwamba kimondo ni habari ya msiba wa mtu mkubwa. Shule haitoi kazi hii ili kubishana na mafundisho ya nyumbani. Wasimulieni watoto mliyoyasikia kwa wakubwa wenu. Saa moja ya kulala chali gizani ina nafasi ya kutosha kwa masimulizi, na hata wale wanaojua methali ya Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua watapata mahali pa kuitolea, kwani Kilimia chenyewe kitakuwa angani tangu saa za jioni.

Watoto watakaporudi Januari kila mmoja aje na karatasi moja tu, yenye saa aliyotazama, mahali alipokuwa, na maelezo ya kimondo kimoja alichokiona vizuri: kilitoka upande gani, kilielekea wapi, kilikuwa na rangi gani, kiliacha alama au hakikuacha. Hakuna maksi. Ambaye hakuona kitu kwa sababu ya mawingu aandike hivyo hivyo, na ambaye hakuamka asitungiwe hadithi na kaka yake.

Kwa familia zisizo na uwanja, hasa zinazoishi ghorofani au penye taa nyingi upande wa Kurasini, Temeke na Mbagala, uwanja wa shule utakuwa wazi usiku huo kuanzia saa tano hadi saa kumi. Taa zote zitazimwa isipokuwa ya getini, ambayo mlinzi ataifunika kitambaa chekundu. Mtoto hatapokelewa bila mzazi au mlezi wake, na magari yaachwe nje ya geti ili taa zake zisiwamulike waliolala. Atakayekuja ajiandikishe ofisini kabla ya Alhamisi tarehe 10 Desemba. Mvua ikinyesha, ujumbe wa kuahirisha utatumwa kwa simu kabla ya saa mbili usiku.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mwalimu Mkuu