Tahasusi Ziwe Darasani: Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Sita kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi mliotoka Ilemela, Magu, Sengerema na ninyi mliovuka maji kutoka Ukerewe, wadogo zetu wa kidato cha tano, mabibi na mabwana: shikamooni wakubwa wetu wote.

Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku hii, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Mambo ya mabweni, maji na uzio uongozi wa shule umekwisha kuyafikisha mahali pake kwa maandishi, hatutayarudia. Tumekubaliana tuitumie nafasi hii kwa jambo moja, ambalo sisi tumelipitia kabla ya wengine wote: uchaguzi wa tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu anayosoma mwanafunzi kidato cha tano na sita.

Tuliomaliza kidato cha nne Novemba 2023 tulijaza machaguo yetu wakati tahasusi zilikuwa 16. Machi 2024, tukiwa nyumbani tunasubiri kupangiwa shule, serikali ikatangaza nyingine 49, zikawa 65, katika makundi saba: sayansi, sayansi ya jamii, lugha, biashara, michezo, sanaa na elimu ya dini. Mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayotupangia shule, ukafunguliwa tubadili machaguo hadi mwisho wa Aprili. Wa mjini walikimbilia vibanda vya intaneti vya Buzuruga na Igoma. Wa visiwani waliwapigia simu ndugu zao wawajazie.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulifurahi sana, na mbele yako tunaipongeza serikali kwa dhati. Kwa miaka mingi mtoto mwenye kipaji cha muziki au michezo alijifunza mapema kwamba kipaji hicho ni cha jioni, baada ya vipindi. Kuona Muziki na Michezo vimeandikwa kwenye fomu ileile yenye PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) kulikuwa na maana kubwa kwetu, hata kwa sisi ambao hatukuvichagua. Tunashukuru pia kwamba tumesoma kidato cha tano na sita bila ada, kwa uamuzi ulioanza mwaka wa fedha 2022/2023. Wapo miongoni mwetu ambao bila uamuzi huo leo wangekuwa mwaloni.

Lakini tulipofika hapa Julai 2024 tulikuta kombi, yaani tahasusi, tatu tu: PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) na HGL. Leo tunaondoka zikiwa zilezile tatu. Hatumlaumu mtu. Tunajua kombi haiji kwa tangazo peke yake. Inakuja na mwalimu wa somo, vitabu, maabara na chumba cha kompyuta chenye umeme wa uhakika. Walimu tulionao wamefanya kazi kubwa, na wengine wametufundisha mpaka usiku bila malipo ya ziada. Hata hivyo tungekukosea heshima kama tungekuacha uondoke ukiamini kwamba tulichagua katika 65. Tulichagua katika tatu. Mwenzetu mmoja aliomba Fizikia, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta, akapangiwa EGM hapa. Anahitimu vizuri, tunamwonea fahari, ila kompyuta amejifunza likizoni tu, kwenye duka la mjomba wake la kuchapa na kutoa kopi pale Nyakato.

Linalotuuma zaidi ni ziwa hili tunaloliona kutoka madirishani. Mkoa wetu una viwanda vya minofu ya sangara. Vizimba vya sato vinaongezeka kila tunapopita ufukweni. Nyegezi kuna chuo cha uvuvi, na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wanafanya kazi zao hapahapa Mwanza. Dagaa wanaoanikwa kwenye mialo yetu wanalisha watu wa mikoa ya mbali. Pamoja na hayo yote, shuleni kwetu hakuna Kilimo wala Lishe, wakati CBA (Kemia, Biolojia, Kilimo) na CBN (Kemia, Biolojia, Lishe) zilikuwepo hata kabla ya zile 49 kuongezwa! Mtoto wa mvuvi anayetaka kujua kwa nini samaki wa kizimba hufa maji yanapobadilika anasoma Biolojia na Kemia vizuri kabisa, lakini hakuna kipindi hata kimoja kinachomuunganishia hayo na kizimba cha baba yake. Tukiruhusiwa kuomba kombi moja tu ya kuongezwa hapa, tunaomba CBA.

Wazazi wetu, mtusamehe tukisema na hili. Mnatutakia mema, na udaktari, uhandisi na uanasheria ni kazi njema. Ila uamuzi wa kombi huanza mapema kuliko wengi tunavyodhani. Anayeiacha Fizikia baada ya kidato cha pili amekwisha kujifungia PCM na PCB, na mara nyingi hakuna aliyekaa naye kumweleza. Baadaye anafungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na kukuta kwamba alama mbili za ufaulu wa juu zinazofikisha pointi 4.0 hazitoshi peke yake, kwa kuwa kila shahada imetaja masomo yake. Kwa mwenye kombi mpya jambo hili ni zito zaidi. Tunaomba mwongozo huo usomwe na wanafunzi wa kidato cha pili pamoja na wazazi wao, na mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi ili apate muda wa kuifanya kazi hiyo.

Kuhusu walimu, tuna pendekezo. Ilemela na Nyamagana zina shule nyingi zilizo karibu kiasi cha kufikika kwa daladala moja. Shule moja ibebe kompyuta, ya pili kilimo, ya tatu sanaa na michezo, na mwalimu wa somo adimu apangiwe shule mbili kwa siku tofauti, akilipwa nauli yake.

Muda nao haupo upande wetu. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, kwa kuwa elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na wale wa mkondo wa amali (ufundi) walioanza kidato cha kwanza 2024 watamaliza kidato cha nne. Makundi yale mawili ya msingi yataingia sekondari Januari 2028 na kugonga mlango wa kidato cha tano 2032. Mwalimu wa Kilimo au wa Kompyuta atakayewapokea, kama anatakiwa awe na shahada, inabidi awe chuoni muda si mrefu kutoka sasa. Baadhi yetu tuliosimama hapa tuko tayari kuwa walimu hao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba utufikishie ombi la CBA kwa Afisa Elimu wa Mkoa, ili wadogo zetu watakaoripoti mwakani waikute. Nakala ya risala hii, yenye sahihi zetu wote, tunakukabidhi sasa.

Naomba kuwasilisha.