Msamaha wa Sista Rani Maria usifunike alichokifia

Mhariri,

Nimesoma makala ya gazeti lako kuhusu Mwenyeheri Rani Maria Vattalil, mtawa wa India aliyeuawa kwa visu tarehe 25 Februari 1995 akiwa safarini kwa basi. Habari ya msamaha ilielezwa vizuri. Mdogo wake, naye mtawa, alimfuata muuaji gerezani mwaka 2002, akamfunga uzi wa rakhi mkononi, ishara ya kumpokea kuwa kaka yake. Mwaka 2006 mtu yule akaachiwa huru baada ya familia kumwombea. Nilisoma nikalia.

Lakini sababu ya kifo chake mliigusa kwa sentensi moja tu. Sista huyo aliwahamasisha wakulima maskini wa Udainagar, Madhya Pradesh, waweke akiba na kujitegemea, wasinyonywe na wakopeshaji wa riba kubwa. Wenye fedha wakamchukia. Sisi wa Moshi tunalijua jambo hilo: mama muuza ndizi anachukua mkopo wa kausha damu, na wiki chache baadaye anabebewa makochi na jiko, watoto wakitazama.

Naomba jumuiya ndogondogo za Jimbo la Moshi zianzishe mifuko ya kukopeshana kwa riba nafuu, au bila riba kabisa kwa wajane, na maparoko wawe walezi wake. Tukienda kuwaona wafungwa wa Karanga, twende pia kwa yule mama kabla vyombo vyake havijabebwa.

Msomaji wako,
Moshi