Tutumie Gitaa Likiwa Kavu

Mpiga gitaa mmoja alituletea wimbo aliourekodi chumbani kwake usiku, watoto wakiwa wamelala. Mkono wake ulikuwa mzuri kweli kweli: ridhimu imetulia, noti zinaachiwa kwa wakati wake, na kwenye kiitikio aliuvuta uzi wa pili kwa namna ambayo hata ukimwomba arudie kesho hataipata tena. Shida ilikuwa sauti. Usiku ule aliipenda distoshoni nzito, ule mkwaruzo wa amplifaya, akairekodi hivyo hivyo. Ngoma na besi zilipoingia, gitaa likageuka vumbi. Akatuomba tuipunguze distoshoni. Ikishaingia kwenye rekodi haitoki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kilichomwokoa ni traki moja iliyokuwa imezimwa chini kabisa ya mradi wake. Modela yake, yaani kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya, ilikuwa inapeleka njia mbili kwenye kompyuta kwa wakati mmoja, moja yenye sauti ya amplifaya na nyingine yenye gitaa tupu, naye alirekodi zote mbili bila kuijali ya pili. Tukaichukua hiyo tupu, tukaipitisha upya kwenye amplifaya yenye gaini (ukuzaji wa ishara) ndogo na boksi dogo la spika. Ule uzi uliovutwa ukasikika wote, mwanzo hadi mwisho.

Kazi hiyo ndiyo tunayoiita riampu. Traki kavu, yaani hiyo ya gitaa tupu, inatoka kwenye kompyuta, inaingia kwenye amplifaya kama vile mpigaji amekaa pale pale na gitaa mkononi, kisha sauti inayotoka inarekodiwa upya. Zamani ilihitaji kiboksi maalumu. Mhandisi wa sauti wa Marekani, John Cuniberti, ndiye aliyetoa kile kilichoitwa Reamp katika miaka ya 1990, na sababu yake ni ya kiumeme: njia ya kutolea sauti ya studio hubeba nguvu ya kama volti 1.23 na impidansi (ukinzani wa umeme wa ishara) ndogo, wakati amplifaya ya gitaa inasubiri ishara dhaifu kutoka kwenye pikapu, zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, zenye impidansi kubwa. Kiboksi hushusha nguvu hiyo na kupandisha impidansi, ili amplifaya iamini kwamba imechomekwa gitaa.

Kwa modela ya kidijitali yenye USB, kiboksi hakihitajiki. Traki inakwenda na kurudi kama namba tupu, bila kugeuzwa kuwa umeme njiani. Kwenye Helix ya Line 6, kwa mfano, njia ya USB namba 7 kwa kawaida hubeba gitaa kavu hata kama masikioni unasikia amplifaya inanguruma. Ukiwa na kifaa cha namna hiyo, irekodi njia hiyo kila mara, hata siku ambayo una uhakika sauti yako imekamilika. Hasa siku hiyo.

Jambo linalotusumbua kuliko yote ni kiwango cha sauti ya traki kavu. Wengi wanadhani kiwango ni suala la kusikika tu, kwamba tukitaka tutakiongeza au kukipunguza. Kwa gitaa safi linalokwenda moja kwa moja kwenye miksi, ni kweli. Kwa gitaa linalokwenda kwenye amplifaya, kiwango ndicho distoshoni yenyewe. Ukiipandisha traki kwa desibeli 6 umezidisha volti mara mbili, na amplifaya itaitikia kama vile umebadilisha pikapu.

Mteja mmoja alitutumia magitaa ya ubeti na ya kiitikio kwenye mafaili mawili. Ubeti ulipigwa kwa upole, vidole tu. Tukaupitisha kwenye amplifaya, ukatoka unakwaruza kuliko kiitikio. Tukazungusha gaini, tukabadilisha amplifaya, tukarudi mwanzo. Saa nzima ikapita. Mwisho tukamuuliza alivyoyatoa mafaili, akasema programu yake ina alama ya kunormalaizi na huwa anaiacha imewashwa. Basi programu ilikuwa imeyapandisha mafaili yote mawili mpaka kilele kimoja, na mkono uliokuwa unanong'ona ukageuzwa kuwa unapiga kelele. Aliyatoa upya bila alama hiyo, na kazi iliyotushinda saa nzima ikaisha kwa dakika chache.

Kwa hiyo tunaomba sana: usinormalaizi, usiweke kompresa, usiguse ikolaiza. Panga gaini ya intafesi, kile kifaa kinachoingiza gitaa kwenye kompyuta, mara moja, ukipiga kwa nguvu zako zote, vilele vifike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha rekodi ya kidijitali, kisha usikiguse kitufe hicho mpaka wimbo uishe. Kwa biti 24 huna haja ya kuhofia kwamba ni ndogo. Inayopasuka juu ndiyo isiyotibika. Tuandikie pia ni intafesi gani na kitufe kilisimama wapi, kwa sababu hapo tunaweza kukadiria gitaa lako lilikuwa linatoa nguvu kiasi gani hasa.

Na chomeka kwenye tundu la gitaa, lile lenye alama ya Hi-Z au Inst. Tundu hilo huwa na impidansi ya karibu megaomu moja, sawa na amplifaya nyingi. Ukichomeka pikapu za kawaida, zisizo na betri, kwenye tundu la laini, zinalemewa, na ule mng'ao wa juu unakufa kabla haujarekodiwa. Traki ya hivyo inasikika kama gitaa lililofunikwa blanketi, na hakuna amplifaya itakayolifunua.

Yapo mengine yasiyorekebishika huku kwetu. Nyuzi zilizochoka, tyuni iliyopotea, uzi unaogonga freti. Mvumo wa umeme ndio unaowadanganya watu zaidi. Kwenye traki kavu ni vigumu kuusikia. Ukipitia kwenye gaini kubwa unapanda pamoja na kila kitu, na katikati ya riffu zako unasikia mvumo wa hetzi 50 au 60 kama friji iko chumbani. Kabla hujarekodi, washa distoshoni kali, shika nyuzi zinyamaze, kisha zunguka taratibu kwenye kiti. Utaona kuna upande ambao mvumo unapungua. Pigia hapo.

Pedali za fazi (fuzz) za mtindo wa zamani, zinazokwaruza sauti, nazo tuzungumze mapema. Nyingi huungana na pikapu moja kwa moja, na ukipunguza volyumu ya gitaa sauti inasafika kwa namna ya pekee. Uhusiano huo haupo tena kwenye faili. Kama wimbo umesimama juu ya hilo, rekodi na pedali yako, kisha tutashughulikia amplifaya. Vivyo hivyo kwa fidibaki: nyuzi hulia kwa sababu spika iko karibu nazo, na hapa kwetu gitaa halipo.

Usipige ukisikiliza sauti kavu. Mkono hufuata sikio. Anayesikia gitaa tupu hugonga kwa nguvu kupita kiasi na kukata noti mapema, kwa kuwa hasikii zikiendelea. Weka amplifaya yoyote masikioni, inayokaribia unayoitaka, na iache traki kavu irekodiwe chini yake. Ukitaka gitaa nene kushoto na kulia, piga mara mbili kweli. Nakala ya traki ile ile haileti upana huo.

Tukishapokea, huwa tunaanza na boksi la spika kabla ya amplifaya, kwa sababu kwa uzoefu wetu ndilo linalobadilisha sauti zaidi. Kisha tunarudisha kila kitu mahali pake kwa wakati. Safari ya kwenda na kurudi kwenye USB huchelewesha. Sampuli 300 kwenye 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 6.25, zinazotosha kuifanya ridhimu iburute nyuma ya ngoma, na ukichanganya na traki ya awali gitaa linasikika kama liko ndani ya bomba. Tunaweka mlio mfupi mwanzoni, tunapima ulivyochelewa, kisha tunaisogeza traki mpaka ilingane sampuli kwa sampuli.

Tutumie WAV ya mono, biti 24, kwa kiwango kile kile cha sampuli ulichorekodia, ikianzia mwanzo kabisa wa wimbo hata kama gitaa linaingia dakika ya pili. Ongeza miksi ya kawaida tu, na sauti uliyokuwa unaisikia ulipopiga, maana humo ndimo tunapojua ulikuwa unatafuta nini. Kama huna uhakika traki yako ni kavu au la, tuma sekunde 30 kwanza. Tutaisikiliza na kukujibu kabla hujapakia mradi mzima.