Mzee aliyeandika majina ya watoto wetu

Bwana Mhariri,

Mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, unajua kuwalilia wakubwa wake. Akifa mwanasiasa au tajiri, barabara inafungwa, maturubai yanasimikwa, redio zinataja vyeo vyake kimoja kimoja. Mwezi huu tumemzika mzee mmoja wa mtaa wa Murara, na waliomsindikiza walikuwa watu wa miguu, wanakwaya na pikipiki chache. Alikuwa mfanyakazi wa komine, yaani serikali ya mtaa, katika ofisi ya eta-sivili inayoandikisha vizazi, ndoa na vifo, mpaka alipostaafu. Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nimseme, maana wengi wanaosoma gazeti hili, wao au watoto wao, waliandikwa kwa mkono wake na hawajui.

Jina lake sitalitaja. Mjane wake ameniomba hivyo, na marehemu mwenyewe hakupenda kutangazwa. Sisi tulimwita Papa Rejista, na waliomjua watamjua kwa hilo.

Mimi ni mzalishaji, yaani mkunga, sasa nimezeeka na kazi nimeiacha. Nilifanya kazi katika kituo cha afya upande wa Majengo. Watoto walipita mikononi mwangu kwanza, kisha wakapita mikononi mwake. Karatasi tunayompa mama anapotoka materniti, wodi ya uzazi, siyo cheti cha kuzaliwa. Inasema tu kwamba mtoto amezaliwa hapa, siku fulani, kilo kadhaa. Wazazi wengi wanadhani mambo yameishia hapo. Wanaikunja, wanaitia katika mfuko wa plastiki, wanaiweka chini ya godoro, na siku mtoto anapodaiwa cheti ndipo wanakuta panya wamekwisha kuila. Mzee alilijua hilo vizuri. Kwa hiyo katikati ya juma, akitoka kazini, alipita kwetu kwa miguu. Alisimama mlangoni, hakuingia mpaka aitwe, akasema: “Mama Mzalishaji, leo Mungu ametupatia wangapi?” Nikimjibu wanne au watano, alifurahi kabisa, kama vile wote ni wajukuu wake. Kisha aliwaambia akina mama pale kitandani ni siku gani waje komine, waje na nani, na walete karatasi gani. Hakuna mkubwa aliyemtuma kufanya hivyo. Na ikiwa mama alilala kwetu hana mgeni wa kumletea chakula, jioni ungemwona mke wa mzee anaingia na kisahani cha bugali na sombe, majani ya muhogo.

Nataka wasomaji waone alivyoandika jina. Nilikwenda ofisini kwake mara nyingi kusindikiza mama asiye na mtu, nikamwona kwa macho yangu. Kwanza alimwomba mzazi aseme jina polepole. Aliliandika kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha karatasi, akakigeuza ili mzazi akisome. Kama mzazi hajui kusoma, alimtajia herufi moja moja, akingoja aitikie kwa kichwa. Akiona mashaka, alianza tena, hata kama foleni imefika nje. Ndipo alichukua rula yake ya mti, akaiweka chini ya mstari, akaandika kwa wino, herufi zimesimama wima. Mwishoni alisoma yote kwa sauti: jina la mtoto, la baba, la mama, mahali, siku, mashahidi. Vijana wa ofisi walinung'unika kwamba anachelewesha watu. Aliwajibu kwamba herufi moja ikikosewa leo, mtoto atalipa mahakamani akiwa na miaka ishirini.

Na katika mji huu jambo hilo ni kubwa. Tuna jamaa nyingi za Wanande ambao majina yao hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Kambale, Kasereka, Kakule, Masika na Kavira ni wengi kuliko mawe ya volkano. Mzee hakukubali mtoto aandikwe Kambale peke yake. Alimkalisha baba, akamuuliza babu aliitwa nani, mlima wa kwao unaitwaje, mpaka lipatikane jina la pili litakalomtofautisha mtoto na Kambale wengine wote. Alifanya vilevile kwa Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Washi, Warega. Sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu kabila lake kwa ubaya, na ninaandika hivi nikijua tunakaa mji gani.

Aliingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Kivu ilipogawanywa na Goma ikawa mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini, mwaka 1988. Aliona nchi ikibadilisha jina mwaka 1997. Fomu zilizobaki zilikuwa bado zimechapishwa “Zaïre”, naye alikata neno hilo kwa mstari mmoja wa rula, akaandika jina jipya juu yake, kurasa kwa kurasa, bila kuchafua. Vilipita vita vya 1996, ukaja utawala wa waasi tangu 1998, na kila aliyekuja alikuja na muhuri wake. Pesa nazo zilibadilika, kutoka zaïre kwenda zaïre mpya mwaka 1993, halafu faranga mwaka 1998, na katika zote hizo mshahara wa mfanyakazi wa serikali ulikuja unapotaka. Nyumba yake ilisimama kwa makala, yaani mkaa, aliyouza mke wake mbele ya ua, na watoto wao walikwenda shule wakiwa na vumbi la makala kwenye kola. Mzee hakuona haya. Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, alikuwa yeye mwenyewe anayepakua magunia kutoka kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Wakati huohuo palikuwa na watu tayari kumpa pesa ya soda ili aandike tarehe wanayoitaka. Alizikataa, na watoto wake walilala na chai tupu siku ambayo baba yao amekataa noti.

Alilea watoto wake sita pamoja na wawili wa ndugu yake aliyekufa, na ukifika kwake usingejua nani ni wa tumbo la nani. Mmoja wa hao wawili ndiye aliyemwosha alipougua.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipasuka. Wenye umri wetu hatuhitaji kusimuliwa. Lava ilikata mji katikati, ikala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikafika ziwani. Wengine walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, wengine Sake. Nyumba ya mzee, ya mbao, iliteketea na kila kilichokuwa ndani, hata cheti chake cha ndoa na vyeti vya watoto aliokuwa amewaandika mwenyewe. Yeye na jamaa yake walilala Gisenyi nje, kwenye baridi. Watu walipoanza kurudi, wakikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa na moto chini, alirudi nao, na kabla hajatafuta mbao za kujengea alikwenda kuona kama vitabu vya ofisi vimepona. Vilikuwa vimepona. Akaketi. Nilimkuta amevaa suruali ya kuazima, fupi, vifundo vya miguu viko nje, mbele yake foleni ya watu waliobaki na nguo za mwilini tu. Kila mmoja alitaka karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ni mtu fulani, baba wa fulani. Aliwauliza mwaka, akafungua kitabu, akapitisha kidole, akawaonyesha: huyu hapa. Mama mmoja aliyekuwa amepotezana na mwanawe katika mbio za kwenda Gisenyi aliushika ule ukurasa kwa mikono miwili, akauinamia, hakutaka kuuachilia. Mzee alimwacha. Aliwaomba waliokuwa nyuma wangoje, nao wakangoja.

Nisimulie na jambo lingine moja, kwa sababu linanihusu. Miaka kadhaa baadaye mwanamume alifika ofisini akitaka binti yake aozwe, akisema ana miaka kumi na minane. Mali ya mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa. Sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inakataza ndoa chini ya miaka kumi na minane. Mzee hakubishana. Alikwenda kabatini, akarudi na rejista, akaifungua mbele ya yule baba: binti alikuwa na miaka kumi na mitano. Baba akasema kitabu kimekosea. Ndipo mzee alimtuma kijana aniite, maana kwenye daftari la materniti yetu palikuwa na siku hiyohiyo, na mimi ndiye niliyempokea mtoto yule. Tulisimama wawili, vitabu viwili, tarehe moja. Binti alirudi shuleni. Leo ana watoto wake, na alikuja kwenye matanga akalia kama amefiwa na baba.

Kuhusu imani yake nitasema machache, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuisema sana. Alikuwa kiongozi wa shirika letu, jumuiya ndogo ya kanisa mtaani, miaka mingi, akiimba besi kwenye kwaya, na Jumapili baada ya misa alizungukia wagonjwa. Kwenye matanga ya wengine yeye ndiye aliyeshika daftari la michango. Alisoma kila jina na kila faranga, aliyetoa mia tano kwa sauti ileile ya aliyetoa dola hamsini, na pesa iliyobaki ilikabidhiwa kwa mfiwa mbele ya wote. Tangu alipoacha daftari hilo kwa ugonjwa, tumekuwa na maneno katika shirika.

Alistaafu baada ya sheria ya jamaa kurekebishwa mwaka 2016. Haki zake za uzeeni alizifuata kwa muda mrefu, akiwa na kabrasha lake kwapani, kutoka dirisha moja hadi lingine. Sitaitaja ofisi. Alikufa akiwa bado ameambiwa arudi wiki ijayo. Naandika hili bila matusi, lakini linaniuma sana: mtu aliyewapa maelfu ya watu karatasi zao alizungushwa kwa ajili ya karatasi yake.

Hata hivyo hakuacha. Wakimbizi wa Rutshuru na Masisi walipojaa katika kambi za Kanyaruchinya na Bulengo, watoto wakizaliwa chini ya maturubai, alikuwa akiuliza kila mama mgeni aliyefika katika shirika: “Mtoto ameandikwa?” Jibu lilikuwa hapana karibu kila mara. Naye alianza kueleza upya, akiwa na fimbo mkononi, yale aliyokuwa akieleza mlangoni kwangu.

Nami nayarudia hapa, maana bado hayajulikani. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimpa mzazi siku 30 za kumwandikisha mtoto. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yameongeza mpaka siku 90, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Atakayekudai pesa ndani ya siku hizo anakuonea. Zikipita, lazima upate hukumu ya mahakama kwanza, na hapo kuna gharama, kuna nenda rudi, na mzazi maskini anakata tamaa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto wanne wa chini ya miaka mitano nchini, mmoja tu ndiye aliyekuwa ameandikishwa. Sisi wakubwa tumezoea kuishi na kadi ya uchaguzi badala ya kitambulisho, lakini kadi hiyo haimsaidii mtoto wa miaka kumi ambaye kundi la wenye silaha linamtaka na kusema amekwisha kuwa mtu mzima.

Kwa viongozi wa mji nina ombi moja. Vitabu alivyoviandika ni vya karatasi, na karatasi hiyo inaliwa na unyevu, panya na moto. Nyiragongo imetoka tena tarehe 22 Mei 2021, lava ikasimama Buhene, karibu kabisa na mji, na wengi wetu tuliondoka usiku bila kitu. Vitabu hivyo vipigwe picha, ukurasa kwa ukurasa, nakala ziwekwe mbali na mlima. Vijana wetu wenye simu na kompyuta wanaweza kuifanya kazi hiyo wakipewa ruhusa na mtu wa kuwasimamia.

Na kwa wasomaji: shirika letu limeamua kuendeleza kazi yake. Kila Jumamosi baada ya salongo tutakaa na wazazi wa watoto wachanga, wa dini yoyote, tuwaandalie karatasi, na Jumatatu mmoja wetu awasindikize komine. Mjane ametupa meza na ile rula. Wazee wa kueleza tunao. Fomu ni za Kifaransa, kwa hiyo tunatafuta vijana wawili wanaokijua vizuri na wenye mwandiko unaosomeka. Waulize nyumba ya Papa Rejista kule Murara, wataonyeshwa.

Mzalishaji mstaafu,
Goma