Namba kubwa kwenye boksi si umeme uliomo ndani

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa matangazo wiki iliyopita ulikuwa na pawa stesheni tatu, zile betri kubwa za kubebeka tunazouziwa sisi wa maghorofani tunaokatikiwa umeme kila mara. Zote tatu zimeandikwa wati kwa tarakimu zilizojaza nusu ya picha. Wati-saa, yaani kipimo cha akiba ya umeme iliyomo, sikuziona hata kwa miwani. Naandika kwa sababu namba ya namna hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani, ghorofa ya sita. Pawa stesheni yangu ya kwanza ilikuwa na "600" ubavuni, na chini yake "80,000 mAh", yaani miliampea-saa, kipimo kingine cha betri. Nikapiga hesabu zangu: cherehani inakula wati 90, basi 600 ni saa sita na ushee. Usiku wa kwanza umeme ulipokatika nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani, limebaki mikono na pindo. Nilianza na pasi. Ikalia pii mara tatu ikakata kila kitu, maana pasi yangu inataka wati 1,200. Haya, nikaiacha pasi, nikachomeka cherehani, taa mbili na feni. Saa moja na nusu baadaye giza likaingia, sindano imezama kwenye satini na mguu wangu bado uko kwenye pedali.

Kijana mmoja wa ghorofa ya tatu, fundi umeme, alikuja kuiangalia. Akacheka kwa adabu. "Mama, hiyo 600 ni nguvu inayoweza kutoa kwa mpigo mmoja. Siyo akiba iliyomo." Hapo nikaelewa: mkasi mkubwa haukuongezei mita za kitambaa. Kitambaa chenyewe kilikuwa wati-saa 288. Unachukua ile 80,000, unazidisha kwa volti 3.6 za seli, zile betri ndogo zilizomo ndani, unagawanya kwa 1,000. Halafu inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, nayo inachukua ushuru wake, kama asilimia 15. Zikabaki 245 hivi. Cherehani 90, taa 18, feni 45. Gawanya mwenyewe, Mhariri.

Kabla sijanunua ya pili kijana huyo aliniazima kipima-wati, kile unachochomeka ukutani halafu kifaa unakichomeka juu yake. Nilizunguka nacho nyumba nzima siku mbili kama mkaguzi. Ruta ya intaneti wati 9 tu. Friji ndiyo iliyonishangaza: ikinguruma inaonyesha 110, ikinyamaza karibu na sifuri, na kwa usiku mzima wa saa kumi ilikula wati-saa 500. Nilidhani ingekula mara mbili ya hizo. Ila kompresa, ile mota ya friji inayonguruma, inapoanza hutaka wati nyingi kuliko hizo 110, kwa nukta chache, na inveta isiyohimili mruko huo itazima friji pamoja na kila kilichochomekwa. Kwa hiyo sisemi wati hazina maana. Zinakuambia kipi kitawaka. Hazikuambii kitawaka mpaka saa ngapi.

Ya pili ina wati-saa 1,024, ukitoa ushuru wa inveta zinabaki 870. Friji saa kumi, 500. Taa mbili saa tano, 90. Ruta saa kumi, 90. Feni saa nne, 180. Jumla 860, na cherehani hata sijaitaja! Basi saa nne za kwanza friji siichomeki kabisa. Mlango wake usipofunguliwa, baridi hukaa takribani muda huo. Hapo naokoa sehemu ya zile 500 za friji, nayo naitumia kushona. Simu tunazichaji kwenye tundu za USB na kitufe cha soketi nakizima kama hakuna kingine cha kuwasha, kwa kuwa inveta ya hili sanduku hula wati kama 10 hata ikiwa haijachomekwa kitu. Pasi inasubiri umeme urudi. Birika la umeme pia. Chochote kinachopasha moto ni mlafi.

Kuna mambo mawili ambayo matangazo yenu hayakuyagusa. La kwanza ni aina ya betri. Ya litiamu na fosfati ya chuma huchajiwa mara 3,000 na zaidi kabla akiba yake haijashuka hadi asilimia 80, wakati aina ya nikeli na kobalti mara nyingi hufika 500 hadi 1,000 tu. Tena ya fosfati si nyepesi kushika moto, na sisi wa ghorofani tunalala juu ya dari za wenzetu. Ni nzito lakini: yangu ina kilo 13, na lifti huzimika pamoja na umeme. La pili ni wimbi, yaani jinsi umeme wa soketi unavyopanda na kushuka. Inveta ya bei rahisi hutoa umeme wa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na mota ya feni huanza kunung'unika na kupata joto.

Paneli ya sola nimejaribu. Baraza langu linatazama ukuta wa jengo la jirani, paneli ya wati 100 ikanipa 30 mchana kweupe. Nimeirudisha kwa aliyeniazima. Na wanaowasha jenereta barazani waache, moshi wake una gesi ya sumu ya kaboni monoksidi isiyonuka, na madirisha ya juu yako wazi.

Ombi langu ni hili tu: tangazo linalofuata, mwambieni mwenye bidhaa aandike wati-saa kwa tarakimu za ukubwa uleule wa wati, na aina ya betri kando yake. Akikataa, muulizeni kwa nini.

Ile ya 600 bado ninayo. Inawasha ruta na taa moja ya chumbani, na kwa kazi hiyo inafika asubuhi bila shida.

Fundi cherehani, ghorofa ya sita