Risala ya Kikundi cha Akina Mama Wafumaji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama yetu Mwalimu, Mwenyekiti wa kikundi, ndugu waalikwa. Asalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe!

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuja kwetu hapa Baltimore jioni hii. Umefundisha sayansi kimu miaka mingi, na baadhi yetu tulishika sindano za kufumia kwa mara ya kwanza mbele ya walimu kama wewe. Ndiyo maana habari hii ya jinsi tulivyoanza kusokota sufu tumeona tukueleze wewe.

Mgeni Rasmi, sisi ni akina mama 14 kutoka Tanzania, Kenya na Kongo. Tunafuma kofia na soksi za watoto wachanga. Uzi tulinunua dukani, mwingi wake akriliki, yaani uzi wa kiwandani usio wa sufu, wala hatukuwahi kuulizana unatengenezwaje. Mwezi Mei tukaenda West Friendship, kwenye Tamasha la Kondoo na Sufu la Maryland, linalofanyika kila mwaka katika viwanja vya maonyesho vya Howard County. Aliyezoea Nane Nane atapata picha: mabanda, mifugo, harufu ya nyama. Ila pale mwenye shughuli ni kondoo.

Kondoo wa kwetu tuliowazoea, kama wale wekundu wa Kimasai, wana nywele fupi na mkia mnene. Sufu ya kusokota hawana. Dada yetu aliyezaliwa Molo ndiye pekee aliyesimama mbele ya kondoo wa aina ya Corriedale akasema, "Huyu namjua," machozi yakimlenga. Aina hiyo ilitokana na kondoo wa Merino na Lincoln huko New Zealand, na hufugwa pia nyanda za juu za Kenya.

Lililotushika zaidi ni shindano la kutoka kondoo hadi shali. Timu ina mkata manyoya, wasokotaji watatu na mfumaji. Kondoo anaingia na manyoya yake mwilini. Saa chache baadaye shali imekwisha. Tulisimama pale mwanzo hadi mwisho, chakula tukakisahau.

Tulinunua manyoya ya kondoo mmoja, na hapa tunakiri kosa. Tuliyafua kama blanketi: maji ya moto, sabuni, tukasugua. Unywele wa sufu una magamba madogo sana. Ukisuguliwa ndani ya joto na sabuni, hung'ang'aniana na wenzake na haubanduki tena. Tukatoa kwenye beseni kitu kigumu kama mkeka. Tuliumia, kwa sababu tulikuwa tumechangishana. Sasa tunayaloweka tu katika maji ya moto yenye sabuni mpaka mafuta yayeyuke, bila kuyavuruga, kisha tunasuuza kwa maji ya joto lile lile. Manyoya ya pili yalitoka meupe na laini.

Mgeni Rasmi, tunasokota kwa pia za mkono, yaani vijiti vinavyozungushwa ili kusokota uzi, nazo ni tatu tu. Tunaomba utusaidie kupata gurudumu moja la kusokotea. Tena tunaishi nyumba za kupanga, na mafuta ya sufu huganda yakaziba mabomba. Tunaomba utusemee kwa wenye ukumbi huu watuachie uani siku moja kwa mwezi.

Tunaomba upokee shali hii, iliyotokana na manyoya yale ya pili. Pindo moja lina uzi mnene wenye mafundo. Ndiko tulikoanzia, na hatukutaka kulifumua.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.